Dereva Mpya na Barabara Kuu

Swali moja limekuwa likizuka tena na tena katika nyumba za Manyatta, mjini Kisumu, hasa zile ambazo Mungu amezijalia kupata gari. Kijana aliyefaulu mtihani wa udereva juma lililopita, je, yafaa akabidhiwe ufunguo na kuachiwa barabara kuu peke yake, au yampasa kwanza afundishwe barabara hiyo, kama alivyofundishwa zile za mtaani? Wako wasemao kwamba leseni ni leseni, na kwamba serikali isingalimpa mtu hati hiyo kama hakustahili. Wako na wasemao kwamba lori lishukalo mlimani halisomi leseni ya mtu. Pande zote mbili zina watu wazima wenye akili zao, na kwa hiyo jambo lenyewe lastahili kupimwa kwa utulivu, mbali na kelele za kituo cha matatu.

Mkazi wa Manyatta hana haja ya kusafiri ili aione barabara kuu. Atokapo mtaani kwa miguu hufika Kondele baada ya muda mfupi, na hapo huona daraja la magari lipitalo juu ya njia panda, na barabara pana ielekeayo Mamboleo na Kakamega, yenye njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Iko pia barabara itokayo Nyamasaria mpaka Kisian, ambayo ilitengenezwa ili malori ya safari ndefu yapate njia yasisongamane katikati ya mji. Hapana asiyezishukuru kazi hizo, maana waliokuwa wakikaa saa nzima katika msongamano wa Kondele wanaikumbuka taabu yake. Lakini barabara ikipanuliwa, mwendo nao huongezeka, na madereva wapya wanaendelea kufundishwa vile vile kama walivyofundishwa barabara ilipokuwa nyembamba.

Mwanafunzi wa udereva hupewa ruhusa ya muda, na gari la kujifunzia hubandikwa herufi L mbele na nyuma. Mwalimu huketi kushoto. Huanza katika uwanja au njia tulivu, ambapo mwanafunzi hujifunza kuachia klachi taratibu ili gari lisizimike, kubadili gia bila kuitazama, kurudi nyuma kwa kutumia vioo, na kuondoka penye mwinuko bila gari kuteleza kinyumenyume. Halafu huja ule ubao ujulikanao na kila dereva wa Kenya: meza iliyochorwa mji mdogo, wenye mizunguko, njia panda na barabara za kwenda upande mmoja, na juu yake kigari cha kuchezea. Mwanafunzi hukisukuma kwa kidole huku akieleza: sasa natazama kioo, sasa nawasha taa ya kulia, sasa naingia njia ya ndani. Siku ya mtihani huulizwa juu ya ubao huo na juu ya alama za barabarani, kisha hupelekwa barabarani kwa muda mfupi. Akifaulu, herufi L zaondolewa, mwalimu ateremka, na watu wamhesabu kuwa dereva sawa na yeyote, awe aenda sokoni Kibuye au aenda Mombasa.

Si haki kuucheka ubao huo. Mtu ambaye hawezi kukizungusha kigari kwenye mzunguko uliochorwa hataweza kulizungusha gari penye mzunguko wa kweli. Lakini kigari cha ubao hakina uzito. Hakina breki zipatazo moto, wala nyuma yake hapana basi la usiku linalomulika taa likitaka kupita. Tena katika masomo yote hayo mwanafunzi wa Kisumu aweza asizidishe kilomita 50 kwa saa hata siku moja, na huo ndio mwendo wa mwisho ambao sheria yaruhusu ndani ya miji.

Hesabu kidogo zitasaidia. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Liendalo kilomita 100 hukata karibu mita 28. Mtu aonapo hatari, sekunde moja hivi hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki, na mita hizo zote zimekwisha kupotea bure. Na breki zenyewe zina hesabu yao: mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika hauwi maradufu, bali huwa mara nne. Kijana aliyezoea kusimama vizuri mbele ya soko la Kibuye ameufundisha mguu wake kipimo cha mji, na mguu huchukua kipimo kile kile mpaka Ahero bila kumwuliza mwenyewe.

Hesabu ya kulipita lori ni ya kutisha zaidi. Trela likiwa laenda kilomita 60 kwa saa, na gari dogo lililo nyuma yake laenda 80, gari dogo lahitaji kulizidi trela kwa kama mita 60, ukihesabu urefu wa trela na nafasi ya salama nyuma yake na mbele yake. Tofauti ya mwendo haifiki mita 6 kwa sekunde. Basi gari dogo litakaa upande usio wake kwa sekunde 11, nalo litakuwa limekwenda karibu mita 245. Katika sekunde hizo hizo gari lijalo kutoka mbele, likiwa nalo laenda 80, litakuwa limekuja mita 245. Yaani yahitajiwa karibu nusu kilomita ya barabara tupu. Katika vichochoro vya Manyatta hapana mahali ambapo jicho laweza kuona nusu kilomita. Kijana hajapata kuupima umbali huo hata mara moja, na mara ya kwanza ataupima akiwa peke yake kwenye usukani, na gari limejaa jamaa zake wakimwambia, "Pita, pita!"

Mataifa mengine yamelifikiri jambo hili, wala hayakupatana. Uingereza ilifungua barabara yake kuu ya M1 mwaka 1959, lakini kwa karibu miaka 60 baadaye mwanafunzi hakuruhusiwa kuingia katika barabara za namna hiyo. Alikatazwa leo kwa kuwa ni mwanafunzi, na kesho yake, akiisha kufaulu, aliruhusiwa kuingia pekee. Ni tarehe 4 Juni 2018 tu ndipo wanafunzi wa England, Scotland na Wales walipopata ruhusa ya kufundishwa humo, wakiwa na mwalimu aliyeidhinishwa, ndani ya gari ambalo mwalimu naye ana breki zake. Hata hivyo si lazima; atakaye hujifunza, asiyetaka huacha. Wajerumani ni wakali zaidi. Kwao mwanafunzi wa gari dogo hapewi leseni kabla ya kumaliza vipindi 12 vya pekee, kila kimoja dakika 45: vitano katika barabara za nje ya mji, vinne katika barabara kuu za mwendo mkubwa, na vitatu gizani.

Mtu angeweza kusema, basi na Kenya ifanye hivyo, wanafunzi wapelekwe kwenye ile barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. La, hilo lingekuwa somo jepesi mno. Barabara ile haina mtu wa miguu, haina bodaboda, wala magari hayaji kukukabili uso kwa uso. Barabara kuu ya Mluo na ya Mkipsigis ni nyingine kabisa. Itokapo Nyamasaria hupita Ahero, penye mashamba ya mpunga na soko lililokaribia kuketi juu ya lami, hupita Awasi, kisha huanza kupanda kutoka mita 1,130 hivi za ufuo wa ziwa mpaka zaidi ya mita 2,000 huko Kericho, na kuendelea mpaka Mau Summit penye baridi na ukungu. Sehemu kubwa ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Juu ya lami hiyo moja kuna trela la Uganda, matatu yenye haraka, punda, mtoto aendaye shule na mama aliyebeba ndoo ya nyanya. Mjerumani mwenye vipindi vyake 12 angeisimamia barabara hii akitafakari.

Katika nyumba moja ya Manyatta mabishano haya hayakuwa ya maneno tu. Mwenye nyumba ni mchuuzi wa viazi, naye alikuwa amenunua pikapu iliyotumika, kwa shabaha ya kwenda kuvichukua mwenyewe Molo badala ya kuvinunua kwa watu wa kati. Kumkodi dereva kila safari kulimla faida. Mwanawe wa kwanza akapata leseni, na mzee akaona kwamba dua yake imejibiwa. Safari ikapangwa Jumatano. Jumanne jioni akafika shemeji yake, ndugu wa mama wa kijana, mtu aliyeendesha matrela kutoka Mombasa mpaka Malaba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, akauliza ni nani atakayekwenda na kijana.

"Atakwenda yeye na mpakiaji," akajibu baba.

"Mpakiaji ajua barabara?"

"Dereva ni huyu, shemeji. Ana leseni yake."

Yule mzee akamgeukia kijana, akamwita kama Wajaluo wamwitavyo mtoto wa dada yao. "Okewa," akasema, "mwalimu amekufundisha gari. Barabara hajakufundisha."

Baba akakasirika kidogo, na hasira yake ilikuwa na hoja ndani yake. Alisema kwamba madereva wote wa zamani walijifunza barabara kuu kwa kuiendea, na hapana shule yoyote iliyowafundisha. "Wewe mwenyewe, shemeji, ulifundishwa na nani kuteremka Mau?"

Jibu la mzee lafaa kuangaliwa na kila mtu asemaye kwamba mazoea peke yake yatosha. Alisema, "Mimi nilikuwa utingo. Nilikaa kushoto miaka minne kabla sijaruhusiwa kushika usukani." Katika miaka minne hiyo alipanga kigingi nyuma ya gurudumu penye mlima, alisikia harufu ya breki zilizoungua, aliona kwa macho yake dereva wake akiamua kupita na akiamua kutopita, mara elfu na elfu. Hapana aliyeiita shule, wala hapakuwa na cheti. Lakini ilikuwa shule, na mwalimu wake aliketi kulia. Hivyo si kweli kwamba wazee walijifunza peke yao. Kijana wa siku hizi, aliyepita katika shule ya udereva kwa majuma machache, ndiye wa kwanza kupelekwa barabara kuu pasipo kuketi kushoto hata siku moja. Kwa hiyo wanaotaka dereva mpya afundishwe barabara kuu hawaleti desturi ngeni ya Wazungu. Wanadai kirudishwe kiti kilichoondolewa bila mtu kutambua.

Mama wa kijana alikuwa amenyamaza mpaka hapo. Yeye alilitaja neno moja tu: Londiani. Njia ya kwenda Molo hupita njia panda ya Londiani, mahali ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha barabara likawaparamia wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando, likaua zaidi ya watu 50. Wala hakuwa na haja ya kutaja la karibu zaidi, la tarehe 8 Agosti 2025, wakati basi lililokuwa likiwarudisha waombolezaji kutoka maziko Nyahera lilipopinduka kwenye mzunguko wa Coptic, karibu na Mamboleo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Manyatta yote ilijua usiku ule magari ya wagonjwa yalikuwa yakienda wapi. Misiba hiyo haitajwi hapa ili kuwatwika madereva wapya. Imetajwa kwa sababu yaonyesha ni nani alipaye kosa likitendeka: aliyeketi nyuma kwa imani, au aliyesimama kando na mizani yake ya vitunguu. Hesabu za Kenya zimekuwa zikionyesha zaidi ya vifo 4,000 vya barabarani kila mwaka kutoka 2021 mpaka 2024, na waendao kwa miguu ndio wafao wengi kuliko kundi lolote.

Mwisho wa mabishano ulikuwa kwamba mzee alikubali kwenda mwenyewe, safari tatu, bila malipo ila chakula. Safari ya kwanza yeye ndiye aliyeendesha, na kijana aliketi kushoto. Kijana aliona haya mbele ya mpakiaji, lakini aliketi.

Mambo aliyoyaona hayakuwamo katika ubao. Alionyeshwa matawi mabichi yaliyotupwa juu ya lami kabla ya kona, akaambiwa kwamba mbele yake kuna lori lililoharibika, na kwamba asiyelijua jani hilo atalijua lori. Alionyeshwa desturi ya madereva wa malori kuwasha taa ya kulia ili kumwonya aliye nyuma asipite, na ya kushoto kumwambia kwamba njia ni wazi. Na papo hapo akaonywa asiitii kwa upofu, kwa maana taa ya kulia yaweza pia kuwa lori linageuka kulia kweli, na ya kushoto yaweza kuwa lasimama tu. "Taa ni yake, macho ni yako," mzee alisema. Walipoteremka alionyeshwa kuingiza gia ndogo kabla ya mteremko, si katikati yake, ili mashine yenyewe ilizuie gari na breki zipumzike. Alifundishwa kwamba gurudumu la kushoto likitoka nje ya lami, penye ukingo ulioliwa na mvua, asiurudishe usukani kwa nguvu, bali apunguze mwendo kwanza na kurudi polepole. Wengi wamepinduka kwa kurudi, si kwa kutoka. Tena alifundishwa kungoja. Nyuma ya tangi la mafuta, kabla ya Kericho, walikaa muda mrefu bila kulipita, huku magari mengine yakiwapita yakipiga honi, na mzee hakusema neno lolote mpaka walipofika mahali palipoonekana mbali, akasema, "Sasa."

Safari ya pili na ya tatu kijana aliendesha, na mzee alikaa kushoto.

Liko pingamizi moja lenye uzito kuliko yote, nalo ni fedha. Masomo ya udereva tayari ni ghali kwa mtu ambaye baba yake ni mkulima au karani mdogo. Serikali ikiamuru vipindi vya barabara kuu, shule zitapandisha ada, maana gari litakwenda mbali na mafuta si maji ya ziwa. Kijana maskini atazidi kuchelewa kupata kazi, au, vibaya zaidi, atatafuta njia ya mlango wa nyuma. Hoja hii haiwezi kupuuzwa kwa maneno mazuri. Lakini Kisumu haiko mbali na barabara kuu kama ilivyo kwa miji mingine. Kwenda Ahero na kurudi ni kazi ya asubuhi moja, na humo mwanafunzi atapata lori la kulipita, soko la kulipunguzia mwendo, na matuta yasiyo na alama. Vipindi viwili vya namna hiyo badala ya viwili vya kuzunguka mtaani visingeongeza ada kwa kiasi cha kumshinda mtu. Kinachohitajiwa zaidi ya hapo, yaani milima, mvua na usiku, chaweza kuachiwa jamaa na waajiri, mradi wakubali kuwa ni kazi yao.

Na waajiri wana la kujibu. Matangazo mengi ya kazi hutaka dereva mwenye uzoefu wa miaka kadhaa. Hapana atangazaye kwamba atampa mtu uzoefu huo. Kila mmoja ataka kijana aliyekwisha kukosea mahali pengine, katika gari la mtu mwingine, mbele ya watoto wa mtu mwingine. Ofisi yenye magari matano ingeweza kumketisha dereva mpya kushoto kwa safari chache bila kupoteza hata senti, kwa maana kiti hicho mara nyingi huenda kitupu, au hukaliwa na mtu aliyelala.

Wako vijana ambao wataona haya yote kuwa ni kudharauliwa. Wamelipa, wamefaulu, na rafiki zao wanawatazama. Hilo ni jambo la kweli, na mzazi asilifanyie mzaha. Lakini daktari aliyefaulu mitihani yake yote huwekwa mwaka mzima chini ya madaktari wakubwa kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake, na hapana amwitaye mjinga.

Kijana wa Manyatta sasa huenda Molo na kurudi bila mjomba wake. Huondoka alfajiri kunapopambazuka, na viazi hufika Kibuye alasiri. Siku moja magunia yalichelewa kupakiwa, jua likatua angali Molo; akapiga simu nyumbani, akaambiwa alale huko huko, arudi asubuhi. Baba alinung'unika kwa ajili ya soko lililopotea. Lakini neno la mjomba lilikuwa halijabadilika: safari ya usiku bado hajaketi kushoto.